Daftari la Thelathini na Mbili

Madaftari yalikuwa thelathini na moja. Inspekta Filister Nalianya aliyahesabu mara mbili juu ya meza yake, kisha akavuta orodha ya darasa na kuhesabu majina. Majina yalikuwa thelathini na mawili.

"Derrick," aliita. "Hii orodha ulipewa na nani?"

Konstebo Derrick Wabwire aliacha kupiga chapa. "Ofisi ya msajili, madam. Alhamisi, siku ile tulimshika fundi."

"Na madaftari?"

"Dakta Shivachi mwenyewe, mwalimu wao. Alinisaidia kubeba mpaka kwa gari."

Nalianya alipitisha kalamu kwenye orodha, akiweka alama kwa kila jina lenye daftari. Jina moja lilibaki bila alama. Aketch, Daisy. Mwaka wa pili, fizikia.

Ilikuwa Jumanne, saa mbili asubuhi. Siku tano za kumzuilia mshukiwa ambazo mahakama ilikuwa imempa zingeisha kesho, na kesho hiyohiyo Benard Mukhwana, fundi wa maabara, angesomewa mashtaka ya kuiba vipande kumi na viwili vya bati. Si bati la kuezekea nyumba. Ni ile metali nyeupe na laini, safi kabisa, ambayo chuo kiliagiza kutoka nje ili wanafunzi wapime namna metali inavyoyeyuka na kuganda. Mwezi wa tano wakaguzi waliviweka vipande hivyo kwenye mizani na kukuta kila kimoja kimezidi uzito. Vilikuwa vimechanganywa na risasi, metali nzito ya bei rahisi. Mtu alikuwa amechukua vile halisi na kuacha bandia vya umbo lilelile.

Swali lilikuwa lini, na Nalianya alikuwa amelijibu kwa madaftari. Wanafunzi walipima metali hiyo wiki ya pili ya Februari. Bati safi huganda kwenye nyuzi mia mbili thelathini na mbili, na kila grafu katika yale madaftari ilionyesha mia mbili thelathini na mbili. Basi Februari mali ilikuwa nzima. Mukhwana aliajiriwa na kukabidhiwa ufunguo wa stoo tarehe mosi Machi, na tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyeushika. Hesabu ilikuwa fupi, na Nalianya aliipenda kwa ufupi wake.

Alimkamata nyumbani kwake Kabiro, Kawangware, saa moja asubuhi, wapangaji wa ploti wakiwa kwenye foleni ya maji mferejini. Mukhwana hakubishana. Aliomba jambo moja tu, asifungwe pingu mpaka watoke nje ya geti, kwa sababu watoto walikuwa wamesimama mlangoni. Nalianya alimfunga palepale mlangoni. "Hii ndiyo taratibu," alimwambia.

"Huyu Aketch yuko wapi?" aliuliza sasa.

Derrick alimpigia simu kiongozi wa darasa, akasikiliza, akaandika. "Anasema alitoka Februari, madam. Baada ya ile praktiko ya maabara hakurudi tena. Hakuaga mtu." Aliweka simu chini. "Februari, mwezi wenyewe. Labda ndiye alikuwa wa kutoa mzigo nje. Alianza yeye, Mukhwana akamalizia."

Lilikuwa wazo zuri. Nalianya alichukua koti lake.

*

Anwani kwenye fomu ya chuo iliwafikisha Kibera, upande unaopakana na Ayany, kwenye kibanda cha samaki. Mwanamke mnene mwenye kitambaa cha maua kichwani alikuwa akigeuza ngege kwenye karai la mafuta. Aliitwa Akeyo, na aliposikia jina la binti yake alisimama wima.

"Daisy ako chuo," alisema, kwa sauti ya kufika mpaka kibanda cha jirani. "Anasoma fizikia. Mwaka wa pili."

Derrick alifungua mdomo. Nalianya alimgusa kiwiko, na mdomo ukafungwa.

"Ametoka leo asubuhi?"

"Saa kumi na mbili na nusu, na bag yake ya vitabu. Kila siku. Hata Saturday huyo haketi." Akeyo alipunguza moto. "Nyinyi ni wa chuo?"

"Tuna maswali kuhusu darasa lake tu, mama. Anarudi saa ngapi?"

"Jioni. Lakini saa saba lazima apite hapa ale, halafu anakimbia kurudi class." Alicheka. "Namwambia kula polepole, hasikii. Na hiyo lab yenu mwangalie, jameni. Mikono ya mtoto imekwisha. Hizo kemikali zenu zimemtoa ngozi hapa na hapa." Alionyesha katikati ya vidole vyake mwenyewe. "Mpaka nimemnunulia mafuta ya kujipaka."

Nalianya alishukuru na kuondoka. Hakuonyesha kitambulisho. Walipopita kibanda cha tatu Derrick alishindwa kunyamaza.

"Madam, huyu mama anadanganywa."

"Kila siku. Kutoka chuo mpaka hapa ni saa nzima, zaidi kama kuna jam. Mtu anayekuja kula saa saba na kurudi mbio hawezi kuwa mbali. Na fizikia haina kemikali za kutoa ngozi katikati ya vidole."

"Ni nini basi?"

"Sabuni. Anafua nguo za watu." Nalianya alitazama magorofa ya Ayany yaliyosimama ng'ambo ya barabara, nguo zikipepea juu ya kila paa. "Uliza walinzi. Msichana wa kufua, ana bag ya shule."

Mlinzi wa geti la nne alimjua. Walipanda ngazi za gorofa tano. Juu ya paa msichana mwembamba aliyevaa sweta ya kijani alikuwa akianika mashuka, na kando ya beseni, juu ya gazeti lililotandikwa ili lisilowe maji, lilikaa begi la vitabu.

"Daisy Aketch?"

"Hapana."

"Tumetoka kwa mama yako."

Shuka lilimtoka mkononi likaanguka sakafuni. Aliliokota, akaliangalia tope lililoshika pembeni, akalirudisha kwenye beseni. Alifanya hayo yote bila kuwatazama.

"Mmemwambia?"

"Hatujamwambia kitu. Mimi ni Inspekta Nalianya, huyu ni Konstebo Wabwire. Nataka kujua kwa nini daftari lako la praktiko haliko na ya wenzako."

"Kwa sababu Dakta alinirudishia. Alisema hataki kuliona."

"Kwa nini?"

"Nilipata zero." Alilisema neno hilo kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayetaja ugonjwa. "Nilikosea. Nilichafua sampuli. Basi. Kama ni ya kulipa nitalipa pole pole, lakini mum asijue."

"Daftari liko wapi?"

Aketch aliangalia begi. Mwishowe msichana alijifuta mikono kwenye sketi, akafungua zipu na kutoa daftari lililokunjwa pembe. Alikuwa akilibeba kila siku pamoja na vitabu vingine, kwa sababu begi lisilo na uzito mama yake angeligundua.

Nalianya alifungua ukurasa wa grafu. Haikufanana na zile nyingine. Ilikuwa na alama za kufutwa, doa la kuungua, na pengo la dakika mbili ambapo Aketch alikuwa ameandika *stima ilipotea*. Mstari ulishuka kutoka nyuzi mia tatu, ukapita mia mbili thelathini na mbili bila hata kupunguza mwendo, ukaendelea mpaka mia moja sabini na tisa, ukaruka juu kidogo, na kulala pale kwenye mia moja themanini na tatu.

"Nieleze kama mtu asiyejua," Nalianya alisema.

"Maji yakiwa yanaganda, joto haishuki mpaka yote yashike. Metali ni vile vile. Unaiyeyusha, unazima tanuri, unasoma kipima joto kila nusu dakika. Inashuka, inashuka, wakati mwingine inapita chini kidogo na kuruka pale inapoanza kushika, halafu inasimama. Pale inasimama ndipo inageuka kuwa ngumu. Kila metali ina mahali pake. Tin, hiyo bati, inafaa kusimama mia mbili thelathini na mbili."

"Na yako ikasimama mia moja themanini na tatu. Ni ya nini hiyo?"

"Ya solda. Ile ya mafundi wa redio. Tin na risasi. Nilimwambia Dakta hii kitu si tin. Akasoma grafu yangu mbele ya class. Akasema msichana huyu amekuja na kikombe kichafu, ametuletea solda ya Kibera. Wakacheka wote. Hata wale wa kwetu Kibera."

"Ulitumia kikombe kichafu?"

"Nilikiosha mara tatu." Kisha, haraka, "Lakini watu thelathini na moja waliandika vingine, na kitabu pia kinasema hivyo. Mimi ni nani niseme wote wamekosea? Nilijiambia labda ni kweli. Labda mimi si mtu wa hii mambo."

Nalianya alifunga daftari. "Unajua kuna mtu amekamatwa?"

Mashuka yalipigwa na upepo. Aketch alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Niliona kwa grupu ya darasa. Hawakunitoa kwa grupu, walisahau niko." Alikuwa akiivuta ngozi iliyochubuka kwenye kidole chake. "Nilijua hiyo grafu yangu inaweza kumsaidia. Nilijua Ijumaa. Nikasema, nikienda polisi mum atajua sisomi tena. Nikakaa. Huyo mtu simjui hata sura, na nikakaa."

Derrick alitazama upande wa mabati ya Kibera. Nalianya akamwuliza msichana swali ambalo alipaswa kuwa amewauliza wale thelathini na moja.

"Mlipima kwa tanuri ngapi?"

Aketch aliinua uso, akishangaa. "Moja. Namba tatu. Zile zingine zilikufa kitambo. Wenzangu hawakupima, madam. Foleni ilikuwa ndefu, Dakta akasema muda umeisha, akasoma namba kutoka kwa makaratasi yake ya zamani, watu wakaandika. Mimi nilibaki mpaka jioni kwa sababu nilitaka kuona na macho yangu."

*

Kituoni Nalianya aliyapanga yale madaftari sakafuni, yote yakiwa wazi kwenye ukurasa mmoja. Alipiga magoti katikati yake.

"Soma hili," alimwambia Derrick. "Safu ya joto, kuanzia hapa."

"Mia mbili sabini na moja. Mia mbili hamsini na nane. Mia mbili sitini na nne. Mia mbili thelathini na nane. Mia mbili thelathini na mbili, inasimama."

"Rudia hiyo ya tatu."

"Mia mbili sitini na..." Derrick alinyamaza. "Inapanda."

"Tanuri limezimwa, joto linashuka, mara linapanda, kisha linaporomoka nyuzi ishirini na sita kwa nusu dakika. Hiyo ilikuwa mia mbili arobaini na sita. Mtu aligeuza tarakimu alipoandika. Inaweza kumpata yeyote. Sasa soma la pili."

Derrick alisoma. Mia mbili sitini na nne. Akasoma la tatu na la nne, kisha akaacha kusoma na kutembea tu kati ya madaftari akichungulia. Kosa lile moja lilikuwa katika kila ukurasa. Hata wale waliochora grafu kwa rula walikuwa wamelifumbia macho na kulipita.

"Na angalia juu ya ukurasa," Nalianya alisema. "Wameandika namba ya tanuri. Huyu moja, huyu tano. Hawa wanne, namba sita."

"Madam, hii yote tulikuwa nayo tangu Alhamisi."

"Tangu Jumatano. Nililala nayo." Nalianya alisimama. Magoti yake yalikuwa na vumbi, na hakulipangusa. Alikumbuka alivyomwonyesha bosi wake madaftari haya na kusema, akitabasamu, kwamba ni nadra kupata mashahidi wengi kiasi hiki wasiopishana hata kwa nukta moja. "Nilifurahi kwamba yanafanana, Derrick. Hata sikuyasoma."

Derrick alitaka kusema kitu cha kumtuliza. Alimtazama usoni, akaona afadhali achukue funguo za gari.

*

Dakta Shivachi aliwapokea mlangoni mwa maabara akiwa na koti jeupe. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Tabasamu lake lilidumu mpaka alipomwona Aketch akiingia nyuma ya Derrick, na sweta yake ya kijani ikiwa bado imelowa mikononi.

"Huyu si mwanafunzi wangu tena," alisema.

"Leo ni shahidi wangu," Nalianya alijibu. "Katika taarifa uliyotia sahihi, ulisema kila mwanafunzi alipima mwenyewe. Bado unasema hivyo?"

"Nasema."

Nalianya alitembea kwenye ile meza ndefu yenye matanuri madogo manane. Alisimama kwenye la sita. "Wanne waliandika walitumia hili. Niwashie."

Shivachi hakusogea. Derrick aliinua kifuniko. Ndani hapakuwa na waya wa kupasha moto. Kulikuwa na utando wa buibui, na karatasi ya peremende.

"Liliharibika baadaye," Shivachi alisema.

"Na la tano? La kwanza?"

"Yote, baadaye. Inspekta, hayo ni mambo ya bajeti ya idara, hayahusu wizi. Ninyi mna mtu wenu. Grafu ya huyu msichana haina maana yoyote, alitumia kikombe kichafu. Nilishamweleza."

"Basi tutumie kisafi."

Nalianya alitoa kisanduku kwenye mfuko. Alikuwa amekinunua njiani, kwenye duka la vifaa vya maabara, bado kikiwa na lebo ya dukani. Ndani yake mlikuwa na kikombe kipya cha udongo mgumu. Derrick alifungua bahasha ya ushahidi na kutoa kipande kimoja kati ya vile kumi na viwili. Aketch alikikata kwa msumeno, akapima uzito, akakiweka kikombeni, na kuwasha tanuri namba tatu.

Metali iliyeyuka, ikang'aa kama maji ya sabuni juani. Aketch alizamisha kipima joto, akazima moto. Derrick alishika saa.

"Soma kwa sauti," Nalianya alimwambia msichana. "Na wewe, Dakta, andika."

"Mimi?"

"Wewe. Kwa mkono wako."

Kila nusu dakika Derrick alisema "sasa," Aketch akasoma, na kalamu ya Shivachi ikakwaruza karatasi. Mia mbili themanini na tisa. Mia mbili sabini na tano. Mia mbili sitini na mbili. Nje wanafunzi walipita wakicheka, na mmoja akachungulia dirishani na kuondoka. Mia mbili arobaini. Mia mbili thelathini na mbili.

"Sasa."

"Mia mbili ishirini na tatu."

Haikusimama. Shivachi aliandika. Mia mbili na kumi na tano. Mia mbili na saba. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Mia moja tisini na tatu. Mia moja themanini na sita. Mia moja sabini na tisa.

"Sasa."

"Mia moja themanini na tatu. Imeruka."

"Sasa."

"Mia moja themanini na tatu."

"Sasa."

"Mia moja themanini na tatu."

Nalianya alilifungua daftari la Aketch na kuliweka kando ya karatasi ya Shivachi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa aangalie wapi.

"Hiki ni kikombe kipya," alisema. "Kipande kimekatwa leo. Daftari ni la Februari. Uchafu ulikuwa wapi?"

Shivachi aliweka kalamu chini, sambamba kabisa na ukingo wa karatasi.

"Ulijua lini?" Nalianya aliuliza.

"Jioni ileile." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nilimcheka mbele ya watu, kisha nikashindwa kwenda nyumbani. Nilirudi nikapima vipande kwenye mizani. Vyote vizito. Ufunguo wakati huo alikuwa nao Mzee Oloo."

"Fundi aliyestaafu mwisho wa Februari."

"Nilimpigia simu. Alikuja hapa, akakubali. Alikuwa akivitoa kimoja kimoja kwa miaka miwili, akimwaga bandia kwenye kalibu ya umbo lake aliyotengeneza mwenyewe. Alilia. Inspekta, yule mzee ndiye aliyenifundisha kushika kipima joto nikiwa kijana wa mwaka wa kwanza. Zilibaki wiki mbili astaafu. Keki ilikuwa imeshaagizwa." Alijipangusa uso. "Na kama ningemsema, wangekuja kuuliza wanafunzi walipima nini. Wangefungua haya matanuri. Miaka minne nasoma namba zilezile kwa darasa. Miaka minne."

"Kwa hiyo ulimpa huyu sifuri."

"Nilimpa sifuri."

"Na Mukhwana?"

Shivachi alitazama sakafu. "Nilidhani mngemwachilia kwa kukosa ushahidi."

"Ulitubebea ushahidi mpaka kwenye gari."

Aketch alikuwa bado amesimama kando ya tanuri. Alizungumza bila kuulizwa, polepole, kama mtu anayejaribu kama ulimi wake bado unafanya kazi.

"Mwalimu, nimefua nguo za watu miezi minne."

Shivachi alivua koti lake jeupe, akalikunja, na hakujua aliweke wapi.

Nalianya alimsomea haki zake, na Derrick akamshika mkono. Pingu zilikuwa kwenye mkanda wa Nalianya. Korido ilikuwa imejaa wanafunzi waliotoka darasani. Alizigusa, kisha akaziacha pale zilipo, na wakatoka hivyo.

Kwenye maegesho alisimama na Aketch. "Utahitajika mahakamani. Jina lako litasomwa. Naweza kuja nawe kwa mama yako, nimweleze."

"Hapana." Msichana alivuta mikanda ya begi lake. "Nitamwambia mwenyewe. Ni mimi nilimdanganya." Alipiga hatua mbili, akageuka. "Madam, nikianza kulia katikati, nitawapigia."

*

Oloo alikamatwa saa tisa na nusu na polisi wa kituo jirani. Aliwaonyesha kalibu kabla hawajauliza. Saa kumi Nalianya aliingia seli na karatasi ya kuachiliwa, akamwambia Benard Mukhwana kwamba yuko huru.

Alikuwa mtu mrefu aliyejikunja kwa siku tano. Alisikiliza maelezo yote, madaftari, tanuri, Oloo, bila kukatiza. Alipomaliza Nalianya aliongeza, "Nisamehe, Bwana Mukhwana." Mukhwana alitikisa kichwa polepole, si kwa kukataa, ni kama mtu anayetafuta mahali pa kuliweka neno hilo.

"Karatasi inasema nini?" aliuliza.

"Inasema umeachiliwa bila mashtaka."

"Nikiwaonyesha karatasi watasoma?" Alikuwa amekaa bado. "Mtoto wangu wa pili alirudi kutoka shule Ijumaa akilia. Mke wangu aliniambia hapo kwa dirisha. Wanamwita mtoto wa solda. Mimi sirudi kwa hiyo ploti, madam. Si leo. Nitalala kwa ndugu yangu."

"Nikienda kwanza mimi?"

Mukhwana alimtazama kwa mara ya kwanza. "Uende useme nini?"

Walifika Kabiro saa kumi na moja. Mukhwana alibaki ndani ya gari na Derrick, nje ya geti, kichwa kimeinama. Nalianya aliingia peke yake. Ploti ilikuwa ya vyumba kumi na vinne, saba kila upande, na katikati korido ya saruji yenye mfereji mwishoni. Ilikuwa saa ya kupika. Majiko yalikuwa nje ya milango, wanawake wamekaa kwenye vigoda wakikata mboga ya sukuma, na aliposogea visu vilisimama kimoja baada ya kingine.

Mourine, mke wa Mukhwana, alikuwa mlango wa tatu. Alimwona, akasimama, na kujiweka katikati ya mlango wake, mikono imeshika miimo pande zote mbili.

"Umekuja kuchukua nani sasa?"

"Mume wako yuko nje kwenye gari. Ameachiliwa. Hakuiba chochote. Aliyeiba tumempata."

Mikono ya Mourine haikushuka. "Unaniambia mimi? Mimi nilikuwa nashuku?"

"Nimekuja kukuambia kwamba..."

"Uliposema ni mwizi uliniambia mimi pekee?" Hakupaza sauti. "Ulisema hapa. Katikati. Ukiwa na pingu."

Nalianya alisikia mafuta yakichemka kwenye jiko la mtu. Aligeuka. Nyuso za ploti nzima zilikuwa zimemwelekea, na watoto walikuwa wamesimama kwenye ngazi. Katika miaka kumi na minane ya kazi alikuwa ametoa ushahidi mbele ya majaji zaidi ya mara mia, na hakuwahi kukosa mahali pa kuweka mikono yake.

Alitembea hatua tatu, mpaka katikati ya saruji.

"Naitwa Inspekta Filister Nalianya," alisema. "Alhamisi mimi ndiye niliyemkamata Benard Mukhwana hapa, mbele yenu. Hakuwa na kosa. Ushahidi nilikuwa nao mkononi na sikuusoma vizuri. Nilikosea. Si yeye, ni mimi."

Uso ulikuwa ukimwaka mpaka masikioni. Alimgeukia Mourine, akitumaini kwamba imekwisha.

Mourine alikuwa ameshusha mikono. Alikuwa akitazama mwisho wa korido, kwenye mlango ulio karibu na mfereji, ambapo mwanamke mmoja mzee alikuwa ameweka kiganja nyuma ya sikio.

"Rudia," Mourine alisema. "Sella hasikii vizuri."

Nalianya alivuta pumzi. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.